Albamu ya kwanza ya Geoffrey Oryema: isikilizwe vipi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, nimezaliwa na kukulia Nsambya, Kampala. Babu yangu alistaafu polisi zamani, na kila akianza habari za kazi yake humtaja Afande Oryema, mkuu wao wa kwanza Mwafrika. Juzi akaniambia kwamba mtoto wa afande huyo alikuwa mwimbaji mkubwa Ulaya. Nikatafuta, nikampata Geoffrey Oryema na albamu yake ya kwanza, Exile. Nimeisikiliza mara mbili ndani ya teksi nikienda kazini. Sauti ni nzuri, lakini muziki umepoa mno, ngoma sizisikii, na maneno mengi yananipita kwa kuwa Kiacholi sikijui. Je, tatizo ni masikio yangu, au hii ni albamu ya Wazungu iliyopakwa Kiacholi kwa juu? Na kama ni kubwa hivyo, mbona sijawahi kuisikia redioni hapa kwetu?

JIBU: Mwanangu, masikio yako ni mazima. Kilichokunyima albamu hii ni teksi. Oryema ana sauti ya chini, na sauti ya chini ya mwanamume hutetema mara 100 hivi kwa sekunde. Injini ya teksi iliyokwama kwenye foleni pale Clock Tower inanguruma katika eneo hilo hilo, kwa hiyo hata ukivaa hedifoni za bei, ngurumo inameza kifua cha mwimbaji na kukuachia ile sehemu nyembamba ya juu. Ukitumia spika ya simu ndiyo hasara zaidi, maana kispika kile hakina uwezo wa kutoa sauti za chini namna hiyo. Nyimbo za kuchezea disko huvumilia mateso haya kwa sababu watengenezaji wake hujaza kila kona. Exile imejengwa kwa njia nyingine: sehemu kubwa yake ni nafasi tupu, na vitu vichache vilivyomo vimewekwa kwa makusudi. Kimoja kikipotea, wimbo unabaki na mkono mmoja.

Basi fanya hivi kwanza. Subiri usiku kambi itulie, chukua hedifoni zinazoziba masikio vizuri au spika yenye besi ya kweli, weka nyimbo zote 10 kwa mpangilio alioupanga mwenyewe, na usifanye kazi nyingine. Najua ni kuomba mengi kwa mtu anayeamka alfajiri. Lakini swali lako ni la mtu anayetaka kweli kujua, na jibu langu lote halitakusaidia kama hujapata saa moja hiyo.

Sasa tuje kwenye ngoma ulizozikosa, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Uliposikia kwamba mwimbaji ni Mwacholi, nadhani ulitarajia larakaraka: vijana wenye vibuyu vilivyokatwa nusu, wanavipiga kwa spoku za baiskeli, miguu inakanyaga na vumbi linapanda. Au bwola, ngoma ya kifalme, wanaume wakizunguka duara na vingoma vyao mkononi. Huo ndio muziki wa Kiacholi unaopelekwa kwenye sherehe za taifa na kuonyeshwa wageni, na sisi tusio Waacholi tumezoea kudhani kwamba umeishia hapo. Haujaishia. Upo muziki mwingine, wa kukaa. Jioni, baada ya chakula, watu wa nyumba moja hukusanyika kwenye moto, ule mkusanyiko ambao Waacholi huuita wang oo, na hapo ndipo watoto husikia hadithi, vitendawili na habari za ukoo. Mtu mwenye nanga, ala ya nyuzi, akiwepo, hupiga na kuimba kwa sauti ya mazungumzo. Hapigi kelele kwa sababu hana wa kumpigia. Wasikilizaji wako hatua mbili kutoka alipo.

Nanga ya Kiacholi ni gogo lililochongwa likatolewa tumbo, na juu yake uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huku mpaka zikapatikana nyuzi 7. Lukeme ni ile ala ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita likembe: kisanduku chenye ndimi bapa za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Ala hizi mbili hufuata ngazi ya sauti tano, na zote mbili huzunguka. Mpigaji huanzisha kipande kifupi, akakirudia, akakirudia tena, na kila mara anabadilisha kitu kidogo: sauti moja inachelewa, nyingine inaachwa, kidole gumba cha kushoto kinaongeza neno. Aliyezoea nyimbo za redioni anangoja wimbo ufike mahali, upande, ulipuke. Mwenye kujua nanga hangoji chochote. Anafuata yale mabadiliko madogo, na ndiyo raha yake.

Sikiliza Exile ukiwa na habari hiyo kichwani. Utasikia kwamba hata anaposhika gitaa, mkono wake unafikiri kwa mpango wa lukeme. Vipande ni vifupi, vinazunguka, vimeachiana nafasi. Upole ulioudhani ni wa Wazungu umetoka Kaskazini ya Uganda, nyumbani kwa baba yake.

Baba yake mwenyewe, yule afande wa babu yako, alikuwa mpigaji wa nanga. Hili babu yako pengine halijui, na mwambie. Erinayo Wilson Oryema alikuwa Mkuu wa Polisi wa kwanza Mwafrika nchini Uganda, kuanzia 1964 hadi 1971, kisha akawa waziri. Nyumbani aliipiga nanga na kumfundisha mtoto. Mama naye aliongoza Heartbeat of Africa, kundi la taifa la ngoma na dansi. Geoffrey, aliyezaliwa Soroti 1953, alikua kati ya muziki wa aina mbili: ule wa jukwaani wa mama, wenye ngoma na watu wengi, na ule wa kukaa wa baba. Alipopata nafasi ya kutoa albamu yake ya kwanza, aliegemea wa baba. Nikisikiliza, nadhani huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofanyika studio.

Kuna kitu cha tatu. Kabla hajawa mwimbaji wa albamu alikuwa mwigizaji. Alisomea uigizaji Kampala na kuanzisha kundi la maigizo lililoitwa Theatre Limited. Utalisikia hilo katika namna anavyotumia pumzi. Waimbaji wengi huficha pumzi. Yeye huiacha isikike, ananong'ona, ananyamaza katikati ya mstari, halafu anarudi kwa sauti nzito kana kwamba mtu mwingine ameingia chumbani. Mtu aliyefundishwa na kwaya haimbi hivyo. Huyu alijifunza kwenye jukwaa kwamba ukimya wa muda mfupi unaweza kuwashika watu kuliko sauti.

Ya 1977 nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa babu yako anayajua kuliko mimi na ni haki yake kukusimulia. Februari mwaka huo Oryema mkubwa aliuawa na utawala wa Idi Amin pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth Ofumbi. Redio ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Geoffrey, kijana wa miaka 24 hivi, alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, na baadaye akafika Ufaransa.

Karibu kila aliyeandika juu ya albamu hii ameanza na buti hilo. Naelewa kwa nini. Lakini nimeona linavyowafanyia wasikilizaji: wanaingia wakitafuta kilio, na wanapokuta mtu mtulivu wanadhani wamekosea albamu, au wanajilazimisha kusikia machozi hata pale anapocheka. Nakuomba, kwa usikilizaji wako wa kwanza wa kweli, iache habari hiyo mlangoni. Sikiliza vidole na pumzi. Habari ya baba yake itaingia yenyewe, kwa wakati wake, na ikija ikiwa imebebwa na muziki utaielewa vizuri zaidi kuliko ukiitanguliza.

Angalia pia miaka. Alitoka 1977, albamu ikatoka 1990. Hapo katikati ni miaka 13. Tunaposema albamu ya kwanza, tumezoea kumfikiria kijana wa miaka 20 mwenye haraka ya kusikika, anayetia kila anachokijua ndani ya nyimbo zake. Oryema alikuwa karibu na miaka 37. Tracy Chapman, ambaye miaka miwili kabla, 1988, aliteka dunia na albamu yake ya kwanza ya gitaa na mashairi, alikuwa na miaka 24. Ile ni albamu ya mtu anayegonga mlango. Ya Oryema ni ya mtu ambaye ameshakaa peke yake muda mrefu, ameshajua yapi ya kusema na yapi ya kumeza. Waandishi wa Ufaransa walimwita Leonard Cohen wa Afrika, na mfano huo mimi naukubali nusu tu. Sauti ya chini, sawa. Hata kuchelewa kuanza, sawa: Cohen naye alikuwa mshairi kwanza na albamu yake ya kwanza ya 1967 ilimkuta na miaka 33. Lakini Cohen ni mtu wa maneno, gitaa lake linamtumikia tu. Kwa Oryema maneno ni machache, na nyuzi zinasema nusu ya habari.

Nirudi kwenye neno lako zito, kwamba labda ni albamu ya Wazungu iliyopakwa Kiacholi. Swali hilo ni halali na halistahili kufukuzwa. Ukiangalia nani alilipa, ni Wazungu. Lebo ni Real World, iliyoanzishwa 1989 na Peter Gabriel, mwimbaji wa Uingereza, yeye yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD lililofanyika mara ya kwanza 1982. Studio ya Real World iko kijiji cha Box, mkoa wa Wiltshire. Na prodyuza alikuwa Brian Eno, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Talking Heads na U2, mtu ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akitengeneza muziki wa utulivu, usio na haraka ya kufika popote. Wanunuzi wa kwanza walikuwa Wazungu. Hayo yote ni kweli na hakuna haja ya kuyaonea haya.

Lakini kazi ya prodyuza husikika, na hapa sikiliza alichofanya Eno. Miaka ile, mwimbaji wa Afrika aliyefika studio za Paris au London mara nyingi alitoka na rekodi iliyojaa kinanda cha umeme, ngoma za mashine na tarumbeta, kwa kuwa wenye pesa waliamini Mwafrika lazima achezeshe watu. Rekodi nyingi za namna hiyo leo zimechakaa. Unasikia mashine ya mwaka fulani kabla hujamsikia mwimbaji. Eno alimkuta mtu ambaye tayari alikuwa mtulivu, na yeye mwenyewe alikuwa ameupenda utulivu kwa miaka mingi. Kwa hiyo vinanda vyake vimekaa nyuma na chini, mara nyingi huvitambui mpaka vinyamaze. Nanga na lukeme ziko mbele, karibu na sikio, unasikia kucha ikigusa uzi. Aliyetaka kupaka rangi juu ya Kiacholi asingeziweka ala za Kiacholi karibu namna hiyo na vyombo vyake mwenyewe mbali. Kwangu mimi hii ni albamu ya wang oo iliyorekodiwa na watu waliojua kunyamaza, na ndiyo maana haijachakaa.

Kuna hasara pia, nami naitaja kwa kuwa ninaipenda albamu hii. Katika wang oo watu huitikia. Mzee akitupa mstari, watoto wanaudaka. Kwenye Exile mara nyingi anayeitikia ni Oryema mwenyewe, au sauti za studio zilizopangwa vizuri mno. Baadhi ya wasikilizaji wanaona hiyo ni kasoro. Mimi nasikia upweke wake hapo kuliko katika wimbo wenyewe ulioitwa Solitude. Mtu anayejiitikia mwenyewe nyimbo za nyumbani, akiwa Ulaya, ameshakueleza hali yake bila kuitaja.

Sasa nyimbo. Sitakupitisha zote, nyingine ni bora uzikute mwenyewe. Anza na Land of Anaka hata kabla ya kuisikiliza albamu kwa mpangilio, kwa sababu imeimbwa zaidi kwa Kiingereza na itakupa mahali pa kushika. Anaka ni mji wa kwao, upande wa kaskazini, katika wilaya ambayo leo inaitwa Nwoya. Ukitoka Gulu kwenda Pakwach unapita hapo. Anaikumbuka ardhi ya wazee wake, ya kijani na ya amani. Mwendo ni wa mtu anayetembea bila mzigo, na nyuma yake sauti zinapanda taratibu.

Ninapoisikiliza leo nashindwa kuisikia kama alivyoirekodi. Vita vya kaskazini vilikuwa vimeshaanza 1986, na baada ya albamu kutoka viliendelea mpaka 2006. Tangu 1996 serikali iliwahamisha watu wa Gulu kutoka vijijini na kuwaweka kambini, na katika kilele cha vita watu zaidi ya milioni 1.5 wa kaskazini walikuwa wakiishi kwenye kambi. Anaka ilikuwa moja ya kambi hizo. Ardhi aliyoiimba akiwa mbali, kwa kuwa hakuweza kurudi, ikawa ardhi ambayo hata wenyewe waliokuwa palepale hawakuweza kuilima, mashamba yakiwa mbele ya macho yao na askari wakiwazuia kuyaendea. Wimbo haukubadilika hata neno. Kuna Waacholi niliowafundisha, waliozaliwa kambini, ambao hawakuwahi kuiona Anaka anayoieleza. Wanausikiliza wimbo huu ili wajue wazee wao walipoteza nini. Hilo Eno hakuliweka, wala Real World. Limekuja lenyewe.

Baada ya hapo sikiliza Ye Ye Ye. Huu ndio wimbo mwepesi kuliko wote kushikika, na ni mfano mzuri wa kile nilichokueleza juu ya kuzunguka. Kuna kipande kimoja tu, kinarudi na kurudi. Jaribu kuhesabu ni mara ngapi kinarudi sawasawa kabisa; nadhani utagundua ni mara chache. Kisha rudi mwanzo, Piny Runa Woko, na uache albamu iende yenyewe mpaka wimbo wa mwisho ulioipa jina. Ukifika Jok Omako Nyako, wimbo unaomtaja msichana aliyeshikwa na pepo, kumbuka nilivyosema kwamba huyu alikuwa mwigizaji.

Kuhusu lugha usijilaumu. Oryema aliimba kwa Kiacholi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na Kiswahili chake kisikushangaze: alikuwa mtoto wa polisi kama wewe, na unajua vizuri lugha gani inatoa amri kwenye gwaride na lugha gani watoto wanagombania mpira nyuma ya nyumba za askari. Kwa Kiacholi una bahati ambayo Mfaransa hana. Kambi ya polisi haikosi familia ya Waacholi. Mtafute mama mmoja au mzee mmoja, mpelekee wimbo mmoja tu kwa siku, mwombe akueleze unasema nini na kama alikua akiusikia usemi huo nyumbani. Usimpelekee albamu nzima kwa mkupuo, utamchosha. Wimbo mmoja, chai, mazungumzo. Utaelezwa mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha albamu.

Umeuliza pia, kwa namna yako, huu ni muziki gani. Huko nje wameuweka kwenye rafu ya muziki wa dunia, wengine wakauita wa jadi uliochanganywa na roki. Hapa kwetu mtu mmoja mwenye gitaa na jambo la kusema si mgeni. Kadongo kamu ya Buganda imekuwepo tangu zamani za Fred Masagazi na Christopher Ssebaduka, ikaja kwa Herman Basudde na Paul Kafeero, na bado ina watu wake. Tofauti ni hii: Basudde au Kafeero atakusimulia hadithi ndefu yenye watu, nyumba, ugomvi na fundisho, na ukimaliza unajua kila kilichotokea. Oryema anakupa mistari michache, halafu anakuachia nyuzi. Ukizoea kadongo kamu unaweza kuona ananyima. Ukizoea nanga unaona amesema ya kutosha. Zisikilize zote mbili wiki moja, zitaangaziana.

Limebaki la redio, na hapa majibu ni ya kawaida tu. Albamu ilipotoka 1990, Uganda ilikuwa na Radio Uganda ya serikali. Vituo vya FM vya watu binafsi, Sanyu na Capital, vilikuja mwishoni mwa 1993. Muziki mwingine ulifika kwa kaseti zilizonakiliwa vibandani, na mwenye kibanda alinakili kilichouzika, yaani dansi ya Zaire, Afrigo Band, rege, na nyimbo za kantri za Marekani ambazo wazazi wetu walizipenda mno. CD ya lebo ya Uingereza yenye nyimbo za polepole kwa Kiacholi haikuwa na wa kuinakili, na kaskazini ambako ingepata wenyewe, watu walikuwa vitani.

Linganisha na mwimbaji wetu Philly Bongoley Lutaaya. Naye alikuwa nje, Sweden, naye alirekodi huko. Lakini alirudi nyumbani 1989, akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akaenda mashuleni na makanisani, akafa Desemba mwaka huo huo, na mpaka leo hakuna Krismasi Uganda bila nyimbo zake. Nyimbo zilirudi pamoja na mtu, akazibeba mwenyewe mbele ya watu. Za Oryema zilibaki huko aliko. Ufaransa walimjua: Ye Ye Ye ilitumika kufungulia kipindi cha usiku cha televisheni, Le Cercle de minuit, kilichorushwa na France 2 kuanzia 1992 hadi 1999, kwa hiyo kuna Wafaransa wengi ambao hawajui Uganda iko wapi lakini wanaweza kukuimbia kiitikio cha Mwacholi. Yeye mwenyewe alirudi kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2016, karibu miaka 40 tangu lile buti, akaimba Kampala. Juni 2018 akafariki huko Lorient, Ufaransa, akiwa na miaka 65. Muda uliobaki kati ya kurudi na kufa ulikuwa mfupi mno kuweza kumfanya mwimbaji wa redio za hapa, na inaniuma kwamba vituo vyetu, ambavyo sasa vina uhuru wote wa kuchagua, bado havimpigi. Ukiwa na rafiki anayefanya kazi kwenye kituo chochote, msumbue.

Ukipata Jumamosi, kabla ya usikilizaji wako wa usiku, pita Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kira Road, Kamwokya. Wana mkusanyiko mzuri wa ala za muziki za nchi hii. Simama mbele ya nanga, itazame uzi ulivyopitishwa, ilinganishe na lukeme. Na kama una hamu ya kusikia nanga kabla haijafika studio ya mtu yeyote, Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi iliyopewa jina la Klaus Wachsmann, msimamizi wa zamani wa jumba hilo, aliyezunguka Uganda akirekodi wapigaji vijijini miaka ya 1940 na 1950. Uliza utaratibu wa kusikiliza. Real World nao wanauza albamu kwenye intaneti. Ukiweza kulipia, lipia, kwa sababu faili la kunakiliwa WhatsApp limebanwa mpaka zile pumzi nilizokuambia uzisikilize zimekatwa.

Ukishaizoea Exile, nenda Beat the Border ya 1993. Humo ngoma ulizozikosa zimeongezwa. Isikilize, halafu uniandikie unadhani zimemwongezea nini na zimemwondolea nini.